Mikono Niliyoitia Chumvi

Mama zangu, mikono hii ninayoinyoosha mbele yenu, mwaka jana nilikuwa naificha ndani ya kitenge.

Mimi ni mtu wa samaki. Tangu ujana wangu napasua migebuka hapa Kalemie, naitia chumvi, naipanga ndani ya pipa, nayo inafika Nyunzu bila kuoza. Kazi hiyo naijua, na najivunia.

Kuwasha kulianza katikati ya vidole. Nilikuna tu, nikadharau. Kisha ngozi ikakauka, ikapasuka, ikatoa usaha na damu. Hata kushika kijiko ikawa taabu. Na binti yangu Furaha alikuwa na mimba ya kwanza! Kwetu mtoto mchanga huogeshwa na bibi yake. Niliogopa sana.

Siku moja Furaha akanisomea kwenye simu: kuna mafuta yenye madini, yanasaidia ngozi kutunza maji yake.

"Chumvi nayo si madini?" nikamuuliza.

"Ndiyo, njo madini, Mama, lakini..."

Sikungoja hiyo lakini. Kila asubuhi nikachovya mikono ndani ya maji ya chumvi. Yaliniunguza mpaka machozi, nami nikajisifu kwamba dawa inafanya kazi.

Wiki ya pili vidole vilikataa kukunjika. Furaha akajifungua msichana. Niliponyoosha mikono nimpokee, aliangalia vile vidonda, akamvuta mwanawe kifuani.

"Unisamehe, Mama. Upone kwanza."

Maneno hayo yaliniuma kuliko chumvi.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi, baba mmoja mpole tunayemwita Papa, alishika mikono yangu, akainusa.

"Mama, weye unauzishaka samaki?"

"Ndiyo, Papa."

"Sasa, samaki ukimutia chumvi, maji yake inaendaka wapi?"

Chumvi huyavuta nje, yakajaa chini ya pipa. Miaka yote hiyo, anayemwaga yale maji ni mimi.

Akanipa mafuta mazito yenye madini ya zinki. "Unapaka mikono ikiwa na maji kidogo. Zinki inatuliza, mafuta inafunga maji ndani." Kazini, akasema, nivae glavu.

Haikuwa haraka. Mtoto alikuwa ameanza kukaa siku Furaha aliponiwekea beseni mbele, bila kusema neno. Nililia ndani ya maji yale ya kuogea.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule Papa. Nanyi, mama zangu, mtu akiwaambia "lakini", mngojeni amalize. Mjukuu wangu yuleee anayepiga kelele pale nyuma. Asubuhi hii nimemwogesha mimi.