Mbashara Kutoka Mzungukoni

Wateja walimwita Mama Chapa, ingawa hakuwa na mtoto aitwaye Chapa wala mtoto wa jina lolote. Alikuwa na steshenari ndogo mkabala na lango la chuo cha ualimu, na kazi yake ilikuwa kuchapa: barua za maombi ya kazi, kadi za mwaliko, na zaidi ya vyote, wasifu wa marehemu. Watu walimjia na karatasi zilizokunjwakunjwa, macho yamevimba, wakamsomea marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha nani. Mama Chapa alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi, akinyoosha sentensi zilizopinda, kisha akauliza kwa upole, "Picha mmekuja nayo?" Wakishachukua nakala zao waliondoka pamoja, wameshikana mikono, naye akabaki na mashine ya fotokopi ikipoa.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Nyumbani alikuwa na vyumba viwili, kitanda kimoja, na televisheni ambayo aliiwasha kabla hata ya kuvua viatu, ili pawe na mtu anayezungumza. Jioni moja akiwa anamenya viazi alimsikia mtangazaji wa taarifa ya habari akisema, huku tabasamu limemjaa, kwamba kituo chao sasa kimefungua chaneli ya mtandaoni: habari saa ishirini na nne, bure, popote ulipo.

Kesho yake alipokosa mteja hadi saa nne asubuhi, akaifungua kwenye kompyuta ya dukani. Ukweli ni kwamba kituo kile kilikuwa na habari za kujaza saa tatu, au nne ukirudiarudia. Saa zilizobaki walikuwa wametundika kamera juu ya ghorofa lao, katika mji wa mbali walikokuwa na ofisi kuu, wakaielekeza kwenye mzunguko wa barabara, wakaiacha hivyo hivyo. Hakuna sauti. Magari yanazunguka, watu wanavuka, vichwa vya habari vinapita chini kwa maandishi mekundu. Pembeni pameandikwa: MBASHARA. Watazamaji 14.

Mama Chapa alitaka kuifunga. Mkono ukasita. Kwenye kona ya kushoto, kati ya duka la dawa na fundi funguo, palikuwa na mlango wenye pazia la kijani, na mbele ya mlango mwanamke mfupi mnene alikuwa anakung'uta taulo.

Alikuwa Kitinda, mdogo wake.

Jina hilo alipewa na baba yao kwa sababu alikuwa kitindamimba, na hakuna aliyewahi kumwita vinginevyo. Alikuwa msusi, na saluni ile aliifungua mwenyewe. Dada na mdogo hawakuwa wamezungumza kwa miaka sita. Mama yao aliugua akiwa kwa Kitinda, katika mji huo huo. Jumatatu Kitinda alipiga simu akasema, "Dada, njoo, mama hayuko vizuri." Ilikuwa msimu wa mitihani, wanafunzi wamejipanga hadi barabarani na tasnifu zao. Mama Chapa akasema atakuja Jumamosi. Mama akafariki Alhamisi. Msibani, mbele ya shangazi na majirani, Mama Chapa akamgeukia mdogo wake: "Umeninyima kumuona mama yangu." Kitinda hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Nilikuita, dada. Ukaniambia Jumamosi." Tangu siku ile, kila mmoja akashika njia yake.

Sasa huyu hapa, mdogo kama punje ya mchele, anakung'uta taulo.

Tangu hapo Mama Chapa akawa anafungua duka mapema. Saa mbili na robo kompyuta imewashwa. Saa mbili na nusu Kitinda anatokea upande wa duka la dawa, anasukuma mlango, anafunga pazia kando kwa kamba. Akichelewa dakika tano, Mama Chapa hawezi kunywa chai. Alijua siku mdogo wake alipobadili nywele zikawa fupi. Alijua ameanza kuchechemea kidogo, mguu wa kulia. Mara moja mvua ilimnyeshea akianika taulo, Mama Chapa akajikuta anasema kwa sauti, "Ingia ndani wewe, utapata kifua!" Mteja aliyekuwa anangoja laminesheni akageuka kuona anayeambiwa ni nani.

Watazamaji wale kumi na wanne walikuwa karibu wale wale kila siku. Waliandikiana maoni chini ya picha. Mmoja, aliyejiita Mstaafu, alihesabu magari meupe na kutoa ripoti kila baada ya saa moja, bila kuulizwa. "Leo meupe yanaongoza," aliandika, na watu wawili watatu wakampongeza kama kocha wa timu. Mama Chapa alisoma yote, hakuandika neno. Namba ya simu ya Kitinda alikuwa nayo, imeandikwa kwenye daftari la mama. Alijiambia atapiga akishajua la kusema. Ikapita miaka miwili.

Kisha Jumanne moja pazia halikufunguliwa.

Jumatano vile vile. Alhamisi Mama Chapa alimeza kiburi, akapiga ile namba. Ilikuwa haitumiki tena. Ijumaa mwanamume mwenye ngazi alifika, akalishusha pazia la kijani, akalikunja, akaanza kupaka mlango rangi nyeupe. Mama Chapa akaandika maoni kwa mara ya kwanza: "Samahani. Kuna yeyote anayeishi karibu na mzunguko huu? Naomba aulize msusi wa pale kona ya kushoto amekwenda wapi."

Majibu yalikuja polepole. Mmoja alisema yuko nje ya nchi. Mwingine alisema hajawahi kufika mji ule. Mstaafu aliandika: "Pole, dada yangu. Mimi niko mbali sana. Nilidhani nyinyi ndio mnaoishi hapo." Watu kumi na wanne walikuwa wanaukodolea macho mtaa mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuukanyaga.

Adhuhuri ile, hakuna mteja, Mama Chapa alitazama kioo cha kompyuta akakuta vidole vyake vimeshachapa: *Marehemu alizaliwa akiwa mtoto wa mwisho wa*. Akaondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba imemuunguza. Lakini lililomtoa jasho halikuwa neno marehemu tu. Ni kwamba asingeweza kuendelea. Hakujua Kitinda alikuwa anaishi na nani, anasali wapi, rafiki yake ni nani, ule mguu una nini. Mtu aliyemtazama kila asubuhi kwa miaka miwili, wasifu wake ungeishia mstari wa kwanza.

Jumamosi alfajiri akabandika karatasi mlangoni, "Nimesafiri," akapanda basi. Mwendo wa saa tano.

Mzunguko ulikuwa na kelele. Hilo lilimshtua, alikuwa ameuzoea ukiwa kimya. Fundi funguo, mzee mwenye miwani mizito, alimwangalia akihangaika mbele ya mlango mweupe.

"Mama, unamtafuta nani?"

"Msusi wa hapa. Yuko... yuko hai?"

Mzee akacheka hadi miwani ikateleza. "Hai? Jana tu kanigombeza kwa kumtengenezea funguo mbovu! Kahamia nyuma ya hili jengo. Mwenye nyumba alitaka pawe duka la wakala wa pesa za simu. Zunguka hapo kulia, utasikia mdomo wake kabla hujauona mlango."

Alimkuta Kitinda ameinama anamsuuza mteja kichwa. Pazia lilikuwa jipya, la bluu. Kitinda akainua uso, akamwona dada yake mlangoni na mkoba kifuani, maji yakaendelea kumwagika juu ya kichwa cha yule mteja.

"Dada," akasema. Halafu, "Kuna msiba?"

"Hapana. Hakuna msiba."

"Basi kaa hapo. Nimalize."

Mama Chapa akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu saa nzima. Mteja alipotoka, Kitinda alifuta mikono, akavuta kiti cha kusukia. "Nywele zako zinatia huruma. Njoo." Akamwekea taulo mabegani. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, bila kutazamana. Mama Chapa akasema yote. Kamera, taulo, mvua, nywele fupi, mguu.

Kitana kikasimama.

"Miaka miwili?"

"Miwili, mdogo wangu."

"Ulikuwa unaniona kila siku."

"Kila siku. Kasoro Jumapili."

Kitinda akalivuta taulo mabegani. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa chini sana, "Mwaka jana huu mguu nililazwa nao wiki nzima. Sikuwa na wa kuniletea hata sabuni. Wewe uliona tu sikufungua?"

Mama Chapa aliikumbuka wiki ile. Alidhani mdogo wake amekwenda mapumziko, na alikuwa amemwonea wivu.

"Nisamehe," akasema. "Na ya mama pia. Uliniita."

Kitinda akarudisha kitana kichwani. Alimaliza kumsuka, mistari minane iliyonyooka, akamshikia kioo nyuma aone. Walikula pamoja, wali na maharage, kwenye meza ya manukato na mafuta ya nywele. Walimzungumzia mama kidogo, na jinsi alivyokuwa akificha sukari. Jioni Kitinda akaandika namba yake mpya kwenye kipande cha boksi la rangi ya nywele. Alimsindikiza mpaka kona, si hadi kituoni; mguu, alisema. Hawakukumbatiana. Kitinda alimgusa begani tu, akaliweka sawa kola la gauni.

Miezi michache baadaye kituo kiliondoa kamera, kikaweka wanaume wanne wanaobishana kuzunguka meza. Mama Chapa hakufungua tena ile chaneli. Mstaafu na wenzake hakujua walikohamia.

Sasa hupigiana simu Alhamisi. Maneno huwa machache, maana miaka minane haielezeki kwa simu, na kila mmoja huogopa kumkanyaga mwenzake palipo na kidonda. Mara nyingine katikati ya mazungumzo Kitinda husema, "Usikate, nina mteja," akaweka simu rafuni. Mama Chapa huegemea meza, simu sikioni, akisikiliza maji yakimwagika na wanawake asiowajua wakicheka mambo asiyoyajua. Hungoja. Saa nyingine mdogo wake hurudi, na saa nyingine husahau, na bando likaisha.