Mwalimu Wetu na Manowari Kuukuu ya Mjerumani

Enzi zetu mtu hakuwa mzee mpaka akubali mwenyewe. Siku hizi goti likikuuma asubuhi moja tu, watoto wako wamekwisha kukukatia shauri: Mama pumzika, Mama usishuke ngazi, Mama hiyo sufuria nzito. Mimi nimezaliwa Kibokoni, nimeolewa Kibokoni, na ngazi za nyumba yangu nazishuka kila siku nikitaka, hata pasipo na haja. Nyinyi mlio rika langu, mliolala madirisha yakiwa yamezibwa kwa kaniki ili ndege za adui zisione taa, mtanielewa. Nimewaandikia nyinyi. Vijana wakitaka kusoma, wasome, ila wasinisahihishe.

Mnakumbuka vita vilipopamba moto na bandari ya Kilindini ikajaa manowari hata maji hayaonekani? Sukari ikawa ya kuonjwa. Mahamri ya mama yangu yakapungua utamu lakini iliki hakuipunguza, akisema vita havijaifika iliki. Tukala mbaazi za nazi mpaka tukajua kila mbaazi kwa jina. Jioni tulikwenda kwa mama wa viazi vya karai, tukisimama kando ya moto wake kwa sababu harufu ilikuwa bure. Hakuna aliyetuambia tuna maisha magumu, kwa hivyo hatukujua.

Ndugu zangu wa kiume walikwenda skuli ya serikali. Sisi wasichana hatukupelekwa. Skuli yetu ilikuwa chuo cha Mwalimu Bi Rukiya, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya marehemu kaka yake, na mimi nilikipenda chuo kile kuliko idi. Nilikuwa nimekwisha kufika umri wa kuanza kuangaliwa. Mama alikuwa ameniambia waziwazi: ukitoka kwa Bi Rukiya, unakaa ndani mpaka uolewe. Ndiyo maana yaliyotaka kukipata chuo kile mwaka huo, mimi nayakumbuka kuliko hata ndege za vita.

Mwalimu alikuwa mpana, anayumba akitembea, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikaa juu ya kitanda cha kamba, fimbo yake ya mkwaju ubavuni, sisi tumejaa mkekani mbele ya marfaa zetu, vile vibao vya kuwekea juzuu. Walioletwa chuoni waliletwa kwa maneno yale yale, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yetu," na Mwalimu aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Kusoma kwetu kulikuwa kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mmoja mahali pake. Huyu yuko kwenye alif, huyu Tabaraka, huyu Yasini, na mpita njia angedhani ni soko la samaki. Lakini Mwalimu, amefumba macho, angenyoosha mkwaju katikati ya kelele zile: "Wewe Zuhura, hapo si pa kuvuta. Rudi." Na kweli nilikuwa nimevuta sauti. Hadi leo sijui alikuwa akitusikia vipi.

Nyumba ilikuwa imerithiwa na mtoto wa kaka yake, Bwana Swaleh. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kisasa, mwenye saa ya mkononi, na vita vilikuwa vimemfundisha kwamba kila chumba tupu ni ghala. Tajiri mmoja wa mchele alikuwa akitafuta mahali pa kuweka magunia, na chumba chetu kilikuwa karibu na barabara. Siku moja Swaleh akaingia chuoni, akambusu Mwalimu mkono kama ilivyo ada, akasema mbele yetu, "Shangazi, umechoka sasa. Mato hayaoni. Panda juu upumzike, chakula tutakuletea. Watoto watatafutiwa mwalimu kijana."

Mwalimu akamwambia, "Mato yameingia giza, Swaleh. Masikio hayajaingia."

Swaleh akacheka kwa adabu, akasema tajiri atakuja mwezi ukiandama. Badi, mwanawe Swaleh mwenyewe, alikuwa amekaa ubavuni mwangu, anatazama juzuu yake kana kwamba ameiona leo. Mimi nilirudi nyumbani nikalia mpaka mama akadhani nimepigwa.

Wakati huo mchezo wetu mkubwa ulikuwa manowari. Maji yakipwa tulishuka kwenye vidimbwi vya miambani na makarara ya minazi, maganda magumu ya maua yake, ambayo ukiyakata vizuri yanaelea kama meli hasa. Tukayapigisha vita kwa mawe. Wavulana walinyang'anyana majina ya meli za Kiingereza. Mimi kwa kuwa msichana niliachiwa adui, na si adui wa maana, bali kikongwe ambacho hakuna aliyekitaka. Kikongwe hicho tulikijua kwa Mjomba Shee, ndugu ya mama yangu. Kabla ya vita alikuwa baharia wa meli za abiria, na sasa alifanya kazi Kilindini kwenye matishari yanayopeleka mizigo melini. Jina la manowari hiyo ya Mjerumani lilikuwa Schleswig-Holstein, na kwa kuwa ulimi wa Kibokoni haukuumbwa kwa jina kama hilo, tulisema Shilezi.

Mjomba Shee alikuwa ameiona kwa macho yake katika bandari moja ya kusini, siku ilipokuwa ikiizunguka Afrika na vijana wanaojifunza ubaharia. Akatuhadithia. Siku Shilezi inaingia kazini ilikuwa imekwisha kupitwa, maana Mwingereza alikuwa ametoa manowari ya namna mpya, yenye mizinga mikubwa zaidi na mwendo zaidi, na zote za mtindo wa zamani zikawa kichekesho. Hata hivyo ikapigana vita vya kwanza. Mjerumani aliposhindwa, akanyang'anywa meli zake nzuri, akaachiwa vikongwe hivi kwa sababu hakuna aliyeviogopa. Dada yake mmoja, meli ya mtindo ule ule, walimpa kazi ya kuvunja barafu. Shilezi ikageuzwa chuo cha mabaharia. Na vita hivi vya pili vilipoanza, mizinga iliyovianza ilikuwa yake.

"Nyinyi mwacheka," Mjomba alisema, "na hizo za Mwingereza zilizolala hapo Kilindini mwadhani ni za juzi? Nyingi zina umri wangu. Vita vikija, hakuna anayeuliza umri."

Basi karara langu likawa Shilezi, na kwa kuwa nililichagua zito, likawazamisha wote. Mwachieni msichana kitu kibovu, kisha mtazame.

Ikawa asubuhi moja Mwalimu anashuka ngazi kuja chuoni, mpana, anayumba, kanga zimemfutuka kwa upepo wa mlangoni. Badi akanong'ona, "Shilezi huyo, yuwatia nanga." Chuo kizima kikapasuka kwa kicheko. Mwalimu akakaa, akangoja tunyamaze.

"Badi. Shilezi ni nani?"

Badi akasimama. "Ni manowari, Mwalimu. Ya Mjerumani. Kuukuu."

Tulingojea mkwaju. Wakati ule kumtaja Mjerumani kwa lolote isipokuwa laana kulitosha kukuminyisha sikio, sembuse kumfananisha naye mwalimu wako. Lakini Mwalimu aliuliza tu habari hizo zimetoka wapi, na jioni Mjomba Shee akaitwa. Akakaa kwenye baraza ya nje, Mwalimu ndani nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, nasi tumejibanza. Mjomba akasimulia yote kwa haya, akijua anamsimulia mwanamke mtu mzima sifa za manowari.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo mizinga ya kwanza, iliwapiga kina nani?"

Mjomba akasema iliingia bandari ya jirani kwa salamu, kama mgeni, ikakaribishwa, kisha alfajiri ikawafyatulia wenyeji.

"Hilo ni ovu," Mwalimu akasema. "Mgeni hapigi mwenyeji. Lakini dhambi ni ya mwenye usukani, chombo hakina kosa. Walimfanya chuo, kisha wakamrudisha vitani."

"Ndivyo, Mwalimu."

"Mimi pia ni chuo. Na vita vyangu vyaja mwezi ukiandama."

Mwezi ukaandama. Mahamali wakaja na mkokoteni, na magunia ya kwanza yakapangwa ukutani kwenye chumba chetu. Mwalimu hakupigana na mtu. Alimwambia Swaleh, kwa sauti ya kuombea chumvi, "Nyumba ni yako, sina neno. Lakini baraza ni ya mwenye kupita ndia." Akatoa kitanda chake cha kamba mlangoni, akatuita. Tukatandika mikeka barazani kushoto na kulia, na ilipojaa, tukatandika mbele ya kizingiti. Tukaweka marfaa, tukafungua juzuu, akatuambia, "Someni."

Tukasoma kama hatujawahi kusoma. Mimi mwenyewe nilikaa katikati ya mlango, na Yasini yangu ilisikika, nadhani, mpaka mtaa wa Mkanyageni.

Hamali akafika na gunia begani. Akatazama chini. Sasa nyinyi mnaojua, mnajua. Hakuna mtu aliyelelewa mji huu atakayemruka mtoto aliyeshika Kurani. Hata mlevi hawezi. Hamali akasimama, akahema, akalishusha gunia lake barabarani, akalikalia. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Tajiri mwenyewe akaja mbio, kanzu imepanda, akafungua kinywa agombe, akasikia ni aya zinasomwa, akafunga kinywa. Akasimama pale kichwa kimeinama akingoja tumalize. Hatukumaliza. Aliyefika mwisho alirudi mwanzo.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho yake. Wapita njia walisimama, bibi wa dirisha la ng'ambo akatuletea maji ya ndimu, na watoto wa mitaa mingine wakaja na juzuu zao bila kualikwa. Swaleh alijaribu kusema na shangazi yake. Kila alipoanza, Mwalimu aliinua kidole: watoto wanasoma. Alijaribu kumwita Badi aingie ndani. Badi alimtazama baba yake, akamtazama Mwalimu, akaongeza sauti.

Ndipo likatokea lililomaliza vita. Badi alipokuwa akipiga makelele yale, akateleza, akaruka maneno. Mwalimu alikuwa anamsahihisha mtoto mwingine. Swaleh, amesimama kizingitini na hasira zake, akamrudi mwanawe kwa ghafla, bila kufikiri, kwa lahani ile ile, kwa kuvuta pale pale anapovuta Mwalimu. Sisi sote tukageuka. Mwalimu akageuza uso upande ilikotoka sauti.

"Hapo ulinisumbua miezi ulipokuwa mtoto, Swaleh," akamwambia. "Nilidhani umepasahau."

Swaleh alivua viatu, akachuchumaa ukingoni mwa mkeka wetu, akakaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Jioni mahamali wakarudi kuyatoa magunia yaliyoingia, nasi tukawapisha kwa furaha, tukichekelea mgongoni mwao bila haya yoyote. Mimi nilisoma chuoni mpaka nikahitimu, na mama akanipikia pilau ya mtu aliyeshinda.

Vita vilipoelekea ukingoni, Mjomba Shee alileta habari kwamba Shilezi imepigwa na ndege ikiwa bandarini kwao, imekalia tope, na wenyewe wakamalizia kuilipua. Tulidhani Mwalimu atahuzunika. Aliuliza tu kama vijana waliokuwa ndani waliokoka. Mjomba akasema wengine ndiyo, wengine la. Mwalimu akawaombea waliokufa, maadui na wasio maadui, akasema wote walikuwa na mama. Baadaye sana nilisikia kwamba Warusi waliiibua ile meli, wakaiweka kwenye maji ya kina kifupi wawe wanailenga shabaha, na miaka ikapita bado iko palepale inapigwa. Mjomba Shee alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa.

Mwalimu alifika kuwa kipofu kabisa. Hakupanda juu kupumzika. Kila asubuhi Swaleh, ambaye naye mvi zilikwisha kumwingia, alimshika mkono akamshusha ngazi mpaka chuoni, na mwanangu wa kwanza amesomea kwake. Alifariki siku ya Ijumaa, siku pekee ambayo chuo kilikuwa kikifungwa, na naamini aliichagua.

Leo chumba kile kinauza vibeti na vinyago kwa wageni. Sina ugomvi na mwenye duka, kila mtu na riziki yake. Barazani hakuna anayekaa. Watoto wa mtaa wana simu, na humo ndani wana kila kitu, mizinga ya meli na vita vya manowari vyenye moshi na moto, na hawajapata kulowa hata kidole. Watoto wangu wananitafutia nyumba Nyali yenye lifti. Nimewaambia waipangishe.

Mjukuu wangu mmoja ana huruma kuliko wenzake. Juzi aliniwekea kwenye simu msomaji wa Kurani, sauti nzuri, mashallah, ya kukuliza. Akaniegemezea simu kwenye mto, akasema, "Bibi, mfuate huyu, usijichoshe." Nikamfuata. Katikati ya sura nikateleza, nikavuta pasipo pa kuvuta, nikajua nimekosea, nikasimama kungoja nirudishwe. Simu ikaenda zake.

Nikaizima. Nikamwambia mjukuu avue viatu, akae mkekani, aanze mwanzo, kwa sauti. Akashangaa kidogo, akaniambia, "Lakini Bibi, Mama amesema upumzike."

Nikamwambia, "Soma."