Vidonge vya Eda

Katika ukoo wa Mzee Akida wa Ngokolo, mjini Shinyanga, hakujapata kuwa na mtu mwenye kifafa. Hilo lisemwe kwanza, maana wapo waliosema vingine kwa miezi mingi, kisimani na kwenye foleni ya sukari, na aliyewapa maneno hayo alikuwa mtu wa ndani.

Zuwena, binti wa mwisho wa mzee huyo, alikuwa fundi cherehani. Watoto wengi wa shule za pale mjini walivaa sare alizoshona yeye, na mama zao walijua kwamba kaptura iliyopita mikononi mwa Zuwena haifumuki hata mtoto akipanda miti. Mumewe, Abdu, aliendesha lori la pamba. Mwaka 1976 lori hilo lilipinduka karibu na Masumbwe, na Abdu akarudishwa nyumbani amefunikwa turubai.

Baada ya mazishi Zuwena alikosa usingizi kabisa. Tabibu wa hospitali, Bwana Stanslaus, aliyekuja kutoa pole, alimwona anavyohangaika akamwandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi, vidogo vya njano. Nusu kidonge wakati wa kulala, kwa siku chache tu, kisha arudi aonwe.

Ni hapo pa kurudi kuonwa ndipo mambo yalipoharibika. Zuwena alikuwa ndani ya eda. Wifi yake Chausiku, dada wa Abdu, aliyetoka Geita kuja kusimamia msiba, alikaa mlangoni kama askari.

"Mjane wa kaka yangu hatoki eda kwenda kubanana na wanaume hospitalini," alitangaza. "Dawa nitamletea mimi."

Watu wakamsifu. Hakuna aliyeuliza kama kweli eda inamkataza mgonjwa kuonana na tabibu. Haimkatazi, lakini mtaa ule ulikuwa umeikaza desturi kuliko sheria yenyewe. Hospitali walipokataa kumpa dawa mtu asiye mgonjwa, Chausiku hakukwama. Mumewe alifanya biashara kwenye machimbo ya dhahabu, na huko wachuuzi waliwauzia wachimbaji vidonge vile vile kwa kiganja, kama karanga.

Nusu ikawa kimoja, kimoja kikawa viwili. Zuwena akilia, anaongezwa. Akiuliza jambo, anaongezwa. "Meza, wifi, upumzike." Haikuchukua muda akawa anameza asubuhi, mchana na usiku, anatembea ameshika ukuta, hakumbuki kama ameswali. Na wakati yeye amelala, redio ya Abdu ilitoka, ikafuata baiskeli, ikafuata cherehani ya Zuwena mwenyewe, vyote vikipanda gari la Geita. Binti yake, Mwaisha, alipohoji, aliambiwa mtoto wa kike haulizi mambo ya wakubwa.

Eda ilipobakiza wiki moja, Chausiku alivitupa chooni vidonge vilivyobaki. "Eda inakwisha, na machozi nayo yakome," alisema. Kwa hilo hakujua alitendalo. Ni hilo tu; mengine yote aliyajua.

Zuwena akaanza kutetemeka. Jasho lilimtoka, usingizi ukamkimbia, hata kijiko kikigonga kikombe alishtuka kama amepigwa. Siku ya kutoka eda, akiwa ameshaogeshwa na kuvishwa nguo mpya, ukumbi umejaa wanawake, mwili ulimkakamaa ghafla akaanguka, povu likamtoka.

Wanawake walirudi nyuma.

"Kifafa!" Chausiku alipiga kelele. "Kumbe ndicho akina Akida walichotuficha!"

Wakati huo Mwaisha alikuwa ameposwa na Muhidini, kijana mwenye duka Buseresere. Haukupita muda mrefu, mama yake Muhidini alileta ujumbe kwamba posa isimame kwanza. Hakueleza sababu, na hakukuwa na haja. Binti wa nyumba yenye kifafa huzeekea kwao.

Aliyempeleka Zuwena hospitali siku ile alikuwa jirani yake Melania, mkulima wa pamba, Msukuma, aliyemlaza kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe na kuswaga mwenyewe njia nzima akiita, "Ng'wana wane, mwanangu, usilale, nisikie!" Bwana Stanslaus aliuliza amemeza nini, vingapi, tangu lini. Mwaisha ndiye aliyejibu, kwa kuwa mama yake alikuwa hajui.

"Hiki si kifafa," alisema tabibu. "Mwili umezoeshwa dawa kwa kipimo kikubwa, kisha ukanyang'anywa ghafla. Vidonge hivi vikishamezwa muda mrefu havikatwi kama uzi. Tutavirudisha, halafu tutapunguza kidogo kidogo, kwa miezi, na kila nikipunguza nikuone wewe mwenyewe, si mjumbe. Usipokee kidonge cha mtu, usimpe mtu chako. Na usichanganye na pombe."

"Mimi Mwislamu, Bwana Tabibu."

"Waislamu niliowakuta na harufu ya gongo humu ndani ni wengi, Mama Mwaisha. Nawaambia wote."

Ikawa hivyo. Kipimo kilishuka taratibu, na jinsi akili ilivyompambazukia Zuwena, ndivyo alivyoona vizuri zaidi nyumba ilivyobaki tupu. Alitamani kupanda gari hadi Geita akamburute wifi yake kwa nywele sokoni. Lakini mikono ilikuwa bado inatetemeka, na mtu anayetetemeka akigomba, watu humwita mgonjwa. Akangoja. Alipoweza kutunga uzi kwenye sindano bila kukosea, akatuma salamu: mama yake Muhidini aje achukue jibu la mwisho, na Chausiku aje kama shangazi wa mwali.

Chausiku alifika amejifunga kanga mpya. Jikoni, chai ikichemka, Zuwena alitoa vidonge vyake vya njano vilivyosalia baada ya tabibu kumwachisha, akaanza kuvisaga kwa mgongo wa kijiko. Melania, aliyekuwa anakata mihogo, akaacha kisu.

"Mama Mwaisha, hicho nini?"

"Usingizi alionipa mimi. Namrudishia."

"Haya. Akishalala, nani atasema?"

Zuwena alitazama ule unga, akaumwaga motoni. Haikuwa huruma. Chausiku angeanguka pale, ingesemwa kwamba akina Akida sasa wanawawekea watu sumu. Tena alimtaka macho, macho kabisa.

Ukumbini walikuwa wanawake wale wale walioshuhudia anguko. Bwana Stanslaus, aliyealikwa, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Zuwena aliketi chini, sauti yake laini kama ya mwali.

"Wenzangu, sijamshukuru wifi yangu mbele za watu. Eda nzima alinihudumia yeye. Wifi, hebu waambie ulivyokuwa unaninywesha dawa."

Chausiku alipenda sifa. "Ah, wifi, ni wajibu! Asubuhi viwili, mchana viwili, usiku vitatu. Ukilia sana naongeza. Sijakukosesha hata siku moja, mpaka wiki ya mwisho nilipovitupa."

"Nani alikuandikia kipimo hicho?" aliuliza Bwana Stanslaus.

Chausiku alimgeukia, na ndipo alipomtambua. "Si… si nyie wa hospitali?"

"Mimi niliandika nusu, kwa siku chache. Ungempa hivyo mtu mzima yeyote kwa muda huo, kisha ukavitupa ghafla, angeweza kuanguka. Hata wewe, mama. Huyu nimemfuatilia mpaka leo, na hajaanguka tena."

"Nilitaka apumzike!"

"Nipumzike," Zuwena alisema, "na cherehani yangu ikapumzike Geita?"

Mwanamke mmoja alicheka kwa nguvu, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Chausiku alitafuta uso wa kumtetea, hakuupata. Mama yake Muhidini alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Posa inaendelea," alisema. "Ila niulize, Mama Mwaisha. Huyu shangazi ndiye atakayemleta mwali nyumbani kwangu?"

"Hatamleta."

Cherehani ilirudi wiki ile ile. Kisha walikuja wazee, mara mbili, kumwombea Chausiku msamaha. Zuwena aliwapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza barabarani, na jibu hakuwapa.

Siku ya harusi, kanga za shangazi alipokea Melania, na yeye ndiye aliyemshika Mwaisha mkono kumtoa chumbani, Mkristo wa Kisukuma katikati ya vigelegele vya Waislamu, na hakuna aliyethubutu kunong'ona. Chausiku alikuja hata hivyo, na zawadi kichwani. Akasimama kizingitini akingoja kuitwa wifi, aingie chumbani kwa mwali.

Zuwena alimpokea zawadi kwa mikono miwili, kwa adabu zote alizofundishwa na mzee wake.

"Karibu, mgeni," alisema. "Wageni wanakaa uani."