Kwenu Hamli Nini?

Mimi vikao vile nilivichukia kabla sijavijua. Mama aliponiambia kwamba Jumapili tunakwenda kusikiliza watu wakitaja mababu zao, nilimjibu kwamba mababu wenyewe wameshakufa, sasa haraka ya nini? Mama akanitupia lile jicho lake la pembeni. Nikaenda kutafuta ushungi wangu.

Tulikuwa tunakaa Buyenzi, mtaa mmoja mjini, na vita tulikuwa tumeshavizoea, kama kuna mtu anayezoea kitu hicho. Mchana tunauza na kununua, jioni saa ya kutotoka nje inafika, kila mtu na komeo lake. Mji ulikuwa umegawanyika mtaa kwa mtaa, huku watu wa huku, kule watu wa kule, na aliyekosea njia angeweza asirudi. Buyenzi tulibaki mchanganyiko. Sisi ni Waswahili, basi. Kwenye kizuizi askari akiniuliza mimi ni mtu gani, nilikuwa najibu, "Mi Muswahili wa Buyenzi," na mara nyingi ilitosha. Jibu hilo nililishika kwa mikono miwili. Sikutaka mtu yeyote aniongezee neno juu yake.

Vikao vilianzishwa na mzee mmoja mstaafu wa posta, mwenye kipara na kicheko cha kuamsha watoto. Jirani yake alikuwa amepigwa risasi ya bahati mbaya akitoka msikitini, na ilipofika saa ya kuzika, hakuna aliyejua apelekewe nani habari. Miaka yote wamekula naye, wamecheza naye bao, na hawajui mama yake alizaliwa wapi. Walimzika wenyewe. Mzee aliona aibu, akasema jambo hilo lisitokee tena mtaani kwetu. Ndipo watu wakaanza kukutana kila Jumapili alasiri uani kwa fundi cherehani, kuambizana wametoka kwa nani.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna kuandika, kwa sababu karatasi yenye ukoo wa watu ikikutwa na mtu mbaya ni kaburi. Ya pili, hakuna kuuliza kabila. Anayeuliza kabila anaonyeshwa mlango. Hapo mzee wa posta aliuliza swali lake moja tu, kwa kila mgeni, kwa upole kama daktari: "Kwenu hamli nini?"

Nilidhani ni mzaha. Lakini watu walijibu! Mama mmoja alisema kwao hawali samaki asiye na magamba, na babu mmoja kutoka upande wa Kongo akadakia kwamba na kwao vilevile, wakaanza kuulizana mpaka wakafika kijiji kimoja. Kulikuwa na wanawake wawili waliogombana bombani tangu nikiwa mdogo, matusi ya kuvuana nguo. Siku hiyo ikajulikana kwamba wote wawili, kwao, yule ndege mdogo anayetembea uani akitikisa mkia haguswi, hata jiwe harushiwi. Ni ukoo mmoja. Walitazamana kama watu walioibiwa. Mmoja akasema, "Basi ndoo yangu ya bluu, uirudishe," na mwenzake akacheka hadi akalia.

Haya, nilicheka na mimi. Lakini tulikuja pale kwa shida yangu, na haikuwa ya kuchekesha.

Kulikuwa na kijana aliyenitaka na mimi nilimtaka. Familia yao ilitoka Omani zamani sana, wana duka la vitambaa karibu na soko, na bibi yake anaweza kukutajia babu zake mpaka usinzie. Bibi hakunikataa. Alisema msichana ni mzuri, ana adabu (hapo alidanganyika), ila watu wake watakuja kuzungumza na watu wa baba yangu. Siyo majirani. Watu wa baba. Wasipokuwepo, kila mtu abaki kwao. Imamu alikwenda kumweleza kwamba msichana asiye na walii huozeshwa na kadhi au na yeye imamu, dini imeshatatua. Bibi akamjibu kwamba dini anaijua, yeye anataka watu.

Na baba hakuwa na watu. Alikufa kwa ugonjwa kabla ya vita, kitandani kwake, na baadaye tuliona hiyo nayo ni neema. Alilelewa na mfanyabiashara wa chumvi aliyemleta Buyenzi akiwa mtoto mdogo, akamsilimisha, akamsomesha Kurani, na mzee wa chumvi naye alikuwa ameshatangulia. Ukimuuliza baba kwao wapi, anasema hapa. Ukimuuliza kabla ya hapa, anaomba maji ya kunywa.

Jumapili yetu ya kwanza, mzee wa posta aliponigeukia na swali lake, nilisema sisi tunakula kila kitu cha halali. Mama akanifinya paja. "Sema ya ngozi," akaninong'oneza.

Ya ngozi ilikuwa aibu ya utoto wangu. Baba hakununua nyama ya ng'ombe mpaka aone ngozi. Wateja wamepanga foleni, mchinjaji ana kisu mkononi, na baba yangu anauliza, ngozi iko wapi. Ng'ombe akiwa na mstari mweupe uliopita mgongoni, hata angepewa nyama bure asingeigusa, tunarudi nyumbani na dagaa. Wachinjaji walimwita Bwana Mkaguzi. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya meza za nyanya wasijue nimekuja naye. Nikaisimulia yote pale uani, nikamwigiza baba akipindua ngozi kama mama anayenunua kanga, na watu wakacheka kama nilivyotaka.

Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mzee mrefu, mtumishi wa serikali aliyekaribia kustaafu, Mkristo, anayekaa Mutanga Nord, mtaa wa kaskazini. Jirani yetu aliyefanya naye kazi ndiye aliyemleta. Alivaa koti na joto lote lile, na kofia yake ya ukingo hakuivua tangu aingie. Alingoja kicheko kiishe, akaniambia:

"Binti, na akimukuta njiani, huyo ng'ombe, angali muzima? Alikuwa anafanya nini?"

Hiyo ya njiani sikuwa nimeisimulia. Hiyo sikuwahi kumwambia mtu, hata mama. Nilipokuwa mdogo, asubuhi ng'ombe walipokuwa wakipelekwa machinjioni, nilimwona baba mara moja akisimama kando ya njia. Katikati ya kundi alikuwepo mmoja mwenye mstari mweupe. Baba akavua kofia yake ya swala, akainamisha kichwa, akamwamkia kwa sauti ndogo, kwa Kirundi ambacho nyumbani hakukizungumza. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe akapita. Mwislamu mzima anamwinamia ng'ombe! Nililibeba jambo hilo miaka yote kama siri ya wizi.

Aliyejibu ni mama.

"Alikuwa anavua kofia," alisema.

Kumbe mama naye alijua. Na yule mzee akapandisha mkono polepole, akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Na mi navua," alisema. "Baba alivua. Babu alivua."

Nywele za mikono zikanisimama. Mpaka leo nikikumbuka nashika mikono yangu. Tulikuwa katika mji ambao watu walipimana pua na urefu ili wajue nani auawe, na hapa wageni wawili walikuwa wamejuana kwa heshima waliyompa ng'ombe. Niliona kitu kikubwa kimepita karibu yangu na sikuwa na jina lake.

Akatueleza. Mwaka mmoja wa njaa, yeye akiwa mtoto, mama yake alimpa mfanyabiashara wa chumvi aliyekuwa akishuka ziwani mtoto wake mdogo wa kiume, apate kula. Angerudishwa mvua zikinyesha. Mvua zikanyesha. Mama yao aliulizia sokoni mpaka alipokufa. Yeye alichobaki nacho ni mgongo wa mdogo wake ukishuka mlima nyuma ya mtu mwenye mzigo.

Hapo hasira zangu zikanipanda, na hasira zangu hazibishi hodi. Niliogopa, ndiyo ukweli. Nikipata baba mkubwa, nitapata na kabila, na jibu langu la kizuizini litakuwa limekwisha. Nikavunja sheria mbele ya wote, nikamuuliza, "Mzee, nyinyi ni upande gani?"

Mzee wa posta alishainuka kunionyesha mlango. Mgeni akamzuia kwa kiganja.

"Huku mujini wananiita upande moja," alisema. "Kule mulimani nina ndugu, wanaitwa ingine. Wote wanavua kofia. Nimezika huku, nimezika na kule."

Mama alimletea picha ya baba Jumapili iliyofuata. Aliishika muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alisema uso wa mtoto ukikua unakwenda mbali. Kisha akauliza watu wa yule kijana wanakuja lini.

Walipanga kuja Jumamosi mchana. Alfajiri ya siku hiyo milio ya mizinga ilisikika milimani juu ya mji, na ikasemwa barabara za upande wa kaskazini zimefungwa. Nilijua ndiyo basi. Wakwe walifika kwa wakati, wanaume wamejifukiza udi, wakaketi sebuleni, kahawa ikazunguka na halua. Upande wetu ulikuwa na imamu, mzee wa posta na mkeka mtupu. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya pazia na wanawake, na bibi yule ameketi karibu nami, hanitazami. Mama alikuwa amenishika kidole kimoja kama mtoto.

Kahawa ilipokaribia kwisha, mlango ukagongwa. Mzee wa kofia alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mutanga Nord, teksi zilikataa, viatu vyeupe kwa vumbi, na nyuma yake dada yake mzee anahema. Dada alipitishwa kwetu wanawake. Yeye akaketi juu ya ule mkeka.

Msemaji wa wakwe akaanza. Akamtaja kijana, mwana wa fulani, mwana wa fulani, akavuka bahari, akafika Omani, akaendelea hata huko. Alipomaliza, ikawa zamu yetu. Nilifumba macho.

Mzee akasafisha koo, akaanza kutoka juu, kwa Kirundi, polepole. Akamtaja mtu wa kwanza, na mwanawe, na mwana wa mwanawe, majina ambayo hayakuwahi kutajwa nyumbani kwetu, moja baada ya jingine, kama watu wanaoingia mlangoni mmoja mmoja. Bibi aliacha kuzungusha tasbihi. Mzee akamtaja baba yake mwenyewe. Kisha, bila kuvuta pumzi, akamtaja baba yangu. Kisha akanitaja mimi.

"Huyu mutoto ni wetu," akawaambia kwa Kiswahili. "Mukimutaka, mutuombe sisi."

Wakaomba. Nilisikia wakiomba, watu wa Omani wenye babu zao wote, wakimwomba mtu wangu. Nililia mpaka wanja ukashuka kidevuni, na bibi mwenyewe ndiye aliyenifuta.

Jioni, mzee akiwahi kabla ya saa ya kutotoka nje, nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza kwa kunong'ona, maana sikuweza kulala na swali hilo: ana hakika kwamba baba ndiye yule mdogo wake?

"Apana, mwanangu," alisema. "Lakini nafasi yake ilikuwa wazi."