Siku Bibi Alipokataa Tuhesabiwe

Juzi mjukuu wangu alikuwa akisoma jiografia kwa sauti mezani pangu: idadi ya watu wa Togo, kisha Lome, jiji la pwani ambalo mpaka wa Ghana unapita ubavuni mwake. Nikamwambia huo ni mji kama Busia yetu, umetuzidi bahari tu. Sisi tulilala Uganda tukasaga mahindi Kenya, na harufu ya dagaa wa Majanji, kule ziwani, haikuuliza mpaka uko wapi.

Lakini ile idadi ya watu ndiyo iliyonirudisha tarehe 18 Agosti 1969, Uganda ilipohesabu watu wake. Sikuwa nimeanza shule. Kusoma nilikuja kukupata nikiwa mke wa mtu, na sioni haya kulisema. Tulikuwa tukipura wimbi uani mwalimu wa kijiji alipoingia na karatasi za serikali. Kwetu Wasamia, ahesabuye watoto hukiita kifo. Bibi yetu alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na ndani, nyuma ya pazia, mdogo wetu wa mwisho alilala na surua.

"Mwalimu, wewe hesabu kuku," bibi akasema. "Mtoto ya mtu haihesabiwi."

"Kukhu," mwalimu akamwita bibi kwa Kisamia, "serikali yataka kujua mko wangapi."

"Ambia yeye tuko ya kutosha."

Mwalimu hakubishana, naye alizaliwa pale pale. Alivuta kigoda, akaomba maji, akauliza kama anayesalimia: "Kukhu, huyu mrefu anaitwa nani?"

Kutaja jina si kuhesabu. Bibi akamtaja kaka yangu, akanitaja mimi, mwalimu akaandika. Mara kikohozi kikasikika nyuma ya pazia. Mwalimu akangoja. Bibi akauweka ungo chini. Akimtaja, kifo kitasikia. Asipomtaja, itakuwa kana kwamba hakuzaliwa.

"Andika na huyo," akasema hatimaye, akalitamka jina lote, pamoja na la babu alilorithi. "Yuko."

Mdogo wetu alifariki Alhamisi. Majirani waliponong'ona kuhusu zile karatasi, bibi aliwakatiza: "Surua haisomi."

Leo ua ule ni maegesho ya malori, na wahesabuji huja na vishikwambi, hakuna anayewakatalia. Mtoto yule hakuacha picha wala cheti, na kaburi lake limefunikwa na barabara. Lakini katika jumla ya watu wa Uganda ya mwaka ule, yumo.