Mwizi wa Akaunti Yangu

Barazani kwangu Likoni tulikuwa wanne: mimi, wifi yangu Mwanaisha, jirani yangu Bi Rukia na mjukuu wangu Salma. Nilikuwa naifungua akaunti yangu kwenye simu mpya, nipate kumuona kitukuu aliyezaliwa Maskati asubuhi ile. Kila nikijaribu, simu yangu ya zamani yalia: "Mtu anajaribu kuingia. Ni wewe?" Nami nabonyeza "Si mimi!" Mara tano, mpaka akaunti ikafungwa.

Nikamuona Bi Rukia ameinamia simu yake. "Rukia, wanitakiani?"

"Wallahi mie natazama mapishi!"

Salma akazitazama simu zangu zote mbili. "Bibi, mwizi ni wewe."

Mwanaisha akaanguka kwa kicheko. Kitukuu nilimuona simuni mwa Rukia huyo huyo. Nisahihisheni mliokuwapo: nilibonyeza mara tano, au sita?