Motokaa ya Bi Mwanakhamis

Banda lilijengwa kwanza. Msellem bin Nyange wa Wawi alilijenga kwa mawe na chokaa ubavuni mwa nyumba yake, akaliezeka kwa mabati, na nyumba yenyewe ilikuwa ya makuti. Lilipokwisha alimwita Shehe Abrahman likasomewa dua, akachinja mbuzi, na sote mtaani tukala pilau mle ndani, tumekaa mahali ambapo, alituonyesha kwa kidole, magurudumu ya mbele yangesimama.

Ilikuwa mwaka wa 1936, baada ya mzao mkubwa wa karafuu. Msellem hakuwa tajiri. Alikuwa mkulima kama sisi, mwenye mikarafuu michache aliyoirithi na mingine aliyoipanda kwa mkono wake, na mke mmoja, Mgeni, aliyemzalia watoto watano. Lakini mwaka ule mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakapasuka, naye akasema hajapata kumfanyia mama yake jambo la kusimuliwa. Akaenda mjini Chake kwa wakala, akaagiza motokaa kubwa kutoka ng'ambo, nyeusi, ya viti vya ngozi, yenye pazia dogo kwenye kioo cha nyuma. Pazia ndilo alilolizungumzia zaidi. Mama yake angekaa nyuma na asionekane na mtu.

Mama huyo alikuwa Bi Mwanakhamis, mzaliwa wa Chokocho, kusini kabisa mwa kisiwa chetu. Alianguka kisimani akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuweza kwenda kwa miguu wala kukaa juu ya punda. Ndugu yake aliyebaki duniani alikuwa mmoja tu, mdogo wake Mize, huko huko Chokocho, nao walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na minane. Sababu tuliijua. Mtoto wa Mize alikufa kwa maji ya moto, na kwenye matanga Bi Mwanakhamis alisema mbele ya wanawake kwamba mtoto mwenye mama hafi vile. Alisema mara moja tu. Mize akamwambia ainuke aende zake.

Sasa uzeeni alitaka radhi. Kwetu radhi ya namna hiyo haitumwi kwa mjumbe. Mnakaa uso kwa uso, mkono ndani ya mkono, mmoja anaomba na mwingine anasema nimekusamehe, nyote mkiwa hai. Anayefariki kabla ya hapo anakwenda na deni lake.

"Nitakwenda na motokaa ya mwanangu," alikuwa akisema. "Nakwenda kujishusha, basi angalau nifike na heshima yangu."

Wakala aliahidi motokaa ingefika kabla ya mwezi wa Mfunguo Pili. Mfunguo Pili ukapita, na wa Tatu, na wa Nne. Kila meli ya Unguja ilipoingia, Msellem alivaa kanzu yake safi akenda Chake, na karani wa wakala, kijana mmoja mpole aitwaye Jaribu, alimkaribisha kwa kiti.

"Leo umewahi, Mzee Msellem."

"Nimewahi mie. Motokaa je?"

"Ipo njiani."

"Ilikuwa njiani Mfunguo Pili."

"Ilipakiwa, meli ikaharibika, ikateremshwa. Sasa inangoja meli nyingine."

"Inangoja wapi?"

Jaribu alipekua karatasi zake. "Hapa hawakuandika, mzee."

Safari nyingine alimwambia kwamba wenye kiwanda wameleta barua, wanauliza anataka rangi gani.

"Nilisema nyeusi siku ya kwanza."

"Ndivyo nilivyowaandikia. Wanauliza kama bado ni nyeusi."

Banda likakaa tupu. Popo waliingia kwa juu wakachafua chokaa. Mgeni alikataa kuweka karafuu mle hata siku za mvua. Alisema nyumba ikisomewa dua kisha ikaachwa tupu huwa inamngoja mtu wake, naye hataki kuwa yeye. Tulimcheka kidogo, lakini na sisi tulikuwa tukilipita banda lile upande wa pili wa njia.

Basi jioni moja tulikuwa barazani kwa kahawa, watu tisa, na Shehe Abrahman akiwa mmoja wetu. Himid naye alikuwapo. Himid alikuwa na lori kuukuu la kubebea karafuu na mbata, na ulimi wake ulikuwa haulali.

"Msellem, banda lako lina baridi nzuri. Nipe niweke kuku."

"Kuku wako wachafu."

"Basi n'ambie, motokaa inakuja kwa meli au kwa miguu? Maana kwa miguu ingeshafika."

"Itafika."

"Itafika lini, na wewe unazeeka? Mwisho wake mama'ko utampakia lori langu, juu ya magunia ya mbata, kanga kaiziba puani."

Watu walicheka, na aliyecheka sana nadhani ni mimi. Msellem aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mgeni binti Jecha ameachika kwangu kwa talaka tatu, siku mama yangu atakapopanda chochote chenye magurudumu kisichokuwa motokaa yangu."

Hakuna aliyecheka tena. Himid alisema polepole, "Ndugu yangu, mie natania."

"Mie sitanii."

Neno kama hilo kwetu halifutiki. Sharti likitimia, mke yuko nje, na mume hamrudii mpaka aolewe na mwanamume mwingine na kuachwa. Hata jua halijatua Mgeni alikuwa amekwisha kuambiwa. Alikuwa akimenya muhogo. Aliendelea kumenya, kisha akauliza tu, "Iko wapi hiyo motokaa yenyewe?"

Ilipita miezi mitatu. Asubuhi moja akaja Bakar, mtoto mkubwa wa Mize, amekuja kwa miguu kutoka Chokocho na vumbi limempanda hadi magotini. Aliingia kwa mama yake mkubwa, akambusu mkono, akakaa chini.

"Mama hali yake si nzuri," alisema. "Hana siku nyingi. Anakutaja wewe. Anasema uje."

Bi Mwanakhamis alijivuta akakaa. "Nipelekeni."

"Mama, meli inaingia kesho kutwa," Msellem alisema. "Jaribu kaniapia motokaa imo. Kesho kutwa hiyo hiyo tunakwenda."

"Kesho kutwa yako, au ya Mize?"

Bakar alikunywa maji akarudi siku ile ile, kumwambia mama yake kwamba dada yake yuko njiani.

Meli iliingia. Tulikwenda forodhani Msellem, Himid na mimi. Mahamali walishusha kasha refu lenye jina la Msellem limeandikwa kwa rangi, na Jaribu akalipigapiga kwa kiganja, amefurahi. "Haya, mzee. Imeanza kufika."

Walipolibandua, ndani mlikuwa na matairi mawili na taa moja, imefungwa vizuri kwa majani makavu.

"Na yenyewe?" Msellem aliuliza.

"Itafuata."

Msellem aliitoa ile taa akaipakata kama anavyopakatwa mtoto, akakaa juu ya kasha. Himid alikuwa amesimama nyuma yake.

"Lori langu liko pale, na mafuta yamejaa," alisema. "Twende kwa Shehe. Pengine pana njia."

Shehe Abrahman alitusikiliza mpaka mwisho.

"Uliyasema ukiwa na akili zako," alisema. "Tuliyasikia watu tisa. Mimi siwezi kuyarudisha kinywani mwako."

"Nilikuwa na hasira, Shehe."

"Nani anayeacha mke huku anacheka?"

"Gari ya ng'ombe je?"

"Ina magurudumu."

"Na chombo cha baharini?"

"Chombo hakina. Lakini nani atakayetoka baharini na kusi hii inavyovuma, na mgonjwa?"

Tuliporudi nyumbani Mgeni alikuwa keshafunga nguo zake katika shuka. "Mpakieni lorini," alisema. "Mie nitarudi kwetu. Asife mtu kwa ajili yangu."

Bi Mwanakhamis alikuwa kitandani, akitusikia. "Nimemdhulumu mmoja kwa mdomo wangu," alisema. "Siendi kumwomba radhi yeye kwa kumdhulumu mwingine. Fungua nguo zako, Mgeni. Kitanda kina miguu minne, na nyinyi mna mabega."

Tulitoka alfajiri, watu wanane. Tulitia miti miwili mirefu chini ya kitanda cha kamba. Kwa ajili ya jua tulikunja fito juu yake kama upinde, na Mgeni akatandika shuka nyeupe juu ya fito. Tulipomaliza tulisimama tukakitazama. Jeneza la mwanamke kwetu hufanywa hivyo hivyo, na fito hizo hizo, ili umbo lake lisionekane.

"Huna shuka ya maua?" Himid alimwuliza Mgeni.

"Hii ndiyo iliyokuwa safi."

Hatukuwa tumefika mbali, tumelipita soko la Chake kidogo, mzee mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaacha ndizi zake, akavua kofia akaivaa vizuri, akaja akatia bega. Hivyo ndivyo ilivyo. Ukikutana na jeneza njiani, hata humjui maiti, unalisindikiza hatua kadhaa na unatoa bega lako. Mzee akaanza kusoma, La ilaha illa llah, kwa sauti ya chini.

"Nani huyo anayenisomea?" Bi Mwanakhamis aliuliza kutoka ndani. "Mwambieni bado nipo."

Mzee aliruka pembeni, na sisi tukacheka mpaka kitanda kikayumba. Mbele kidogo wakaja wengine wawili, wakaambiwa, wakacheka nao. Kisha wakaja wanne waliokuwa wakipalilia, na majembe wakayaacha pale pale. Baada ya hapo hatukucheka. Jua lilikuwa limepanda, mabega yametuchubuka, na kila mtu aliyekuja alitupumzisha hatua mia.

"Waacheni," alisema Bi Mwanakhamis. "Kubeba si wanabeba? Tutafika upesi."

Tukawaacha. Kutoka hapo tulikwenda mwendo ambao sisi wanane peke yetu tusingeuweza, bega linatoka bega linaingia, na kisomo kikawa hakikatiki. Kilitoka kinywa hiki kikapokewa na kile, nasi wenyewe, sijui ni nani aliyeanza, tukawa tunaitikia. Ndani ya shuka palikuwa kimya. Mara mbili nilimwona Msellem akiinua pembe ya shuka kutazama.

Tulipofika Mtambile, njia inapogeuka, mtu mmoja mwenye baiskeli alitia bega akiwa upande wa Msellem. Alikuwa mtu wa heshima, na koti juu ya kanzu.

"Mungu amrehemu. Ni nani?"

Mimi nilikuwa nyuma yao, nilisikia kila neno. Msellem angeweza kusema huyu ni mzima. Lakini angesema hivyo, angeulizwa kwa nini mtu mzima anabebwa juu ya kitanda na malori yanapita, na ingembidi asimulie motokaa, na barazani, na maneno yake. Alitazama chini.

"Bi Mwanakhamis," alisema. "Wa Wawi. Tunampeleka kwao Chokocho."

"Ndugu yake Bi Mize? Nami nakwenda huko huko."

Yule mtu alimpa mwingine nafasi yake, akachukua baiskeli akatupita. Nilidhani anakwenda zake.

Tulifika Chokocho alasiri. Watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa Mize, na wanawake walikuwa wakilia ndani. Wanaume walikuja kutupokea, wakakishika kitanda kwa adabu, wakakiteremsha kivulini. Bakar alisimama mbele yetu, macho mekundu. Hapo shuka ikainuka na Bi Mwanakhamis akatoa kichwa.

"Mize yuko wapi?" aliuliza.

Watu walirudi nyuma. Bakar alimtazama, akamtazama Msellem, kisha akapiga magoti.

"Mama hayupo. Saa moja tu iliyopita."

"Ulimwambia nakuja?"

"Nilimwambia. Siku tatu alikuwa anauliza, kashafika? Leo kaja mtu wa baiskeli, kasema jeneza lako liko Mtambile. Mimi nilitaka kumficha, lakini alikisikia kilio."

"Akasema nini?"

"Kasema, dada kanitangulia. Kasema, nimemsamehe, na Mungu amsamehe. Kisha akageukia ukutani."

Nilidhani Bi Mwanakhamis angelia, au angeshukuru, maana kusamehewa amesamehewa. Alikaa akishikilia fito kwa mkono mmoja.

"Kamsamehe maiti," alisema. "Mie mzima."

Alimwosha ndugu yake kwa mikono yake, amekaa juu ya kibao. Msellem hakuingia kula chakula cha watu. Alikaa nje karibu na kitanda kitupu mpaka siku ya tatu tulipokibeba tena kurudi, na safari hii tuliondoa fito na shuka.

Motokaa ilifika ilipokwisha arubaini ya Mize. Ilikuwa nyeusi, na pazia lilikuwapo. Jaribu mwenyewe alikuja nayo toka Chake, na watoto wakaikimbilia huku akipiga honi. Msellem aliizunguka mara moja, akamwendea mama yake aliyekuwa amekalia mkeka barazani.

"Mama, motokaa yako hii."

"Mie nimeshapanda, mwanangu," alisema. "Iweke pale ilipojengewa."

Aliishi miaka sita baada ya hapo, na hakupanda chenye magurudumu chochote. Mgeni ndiye aliyemtunza. Msellem aliiendesha motokaa mara chache, kisha ikakaa bandani, na kuku wakataga juu ya viti vya ngozi. Himid hakuwataja kuku hata siku moja.

Bi Mwanakhamis alikuwa akikaa barazani pale pale, kutwa, akiitazama njia. Jeneza lilipopita, la mtu yeyote, aliinua mkono, na waliobeba ilibidi wasimame.

"Mmemtazama vizuri?" alikuwa akiuliza. "Mtazameni tena."

Nao walishusha jeneza, wakainua shuka, wakatazama.